JE, MSHIKA MBILI LAZIMA MOJA IMPONYOKE?

Maisha na mtindo wa mpiga gitaa John McLaughlin

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena: mshika mbili moja humponyoka. Methali hii tunaijua sote, maana tumeiandikia insha tangu shule ya msingi. Lakini mimi naijua kuwazidi, kwa sababu mwaka huu niliambiwa mbele ya darasa zima, na darasa zima likaangua kicheko.

Mambo yalikuwa hivi. Muhula wa kwanza nilijiandikisha katika vipengele viwili vya mashindano ya muziki, gitaa na nyatiti. Jioni za kufanyia mazoezi ya nyatiti nilikuwa na gitaa, na jioni za gitaa nilikuwa nikihangaika na uzi wa nyatiti uliokatika. Siku ya siku ikafika. Katikati ya wimbo wa nyatiti mapigo yalinipotea kabisa. Nikanyamaza. Nikawatazama waamuzi, nao wakanitazama. Katika gitaa nilikuwa wa tano, na washindani tulikuwa sita. Tuliporudi shuleni ndipo mwalimu aliponitolea hiyo methali. Nilijaribu kujitetea, nikasema wapo wanamuziki wanaoshika mengi na yasiwaponyoke. Akauliza, "Kama nani?" Nikakosa hata jina moja. Basi akasema, "Siku utakapopata jibu, liandike jaridani tulisome."

Ndugu msomaji, jibu nimelipata. Ndilo hili.

Likizo ya Aprili nilikwenda Kisumu kwa mjomba. Mjomba wangu alipiga gitaa katika bendi ya benga enzi zake, na ingawa vidole vimeanza kukataa, bado anatunza santuri na kaseti zake kama mtu anavyotunza hati ya shamba. Nilimweleza yaliyonipata. Hakusema neno. Alichomoa santuri moja aliyoachiwa na jirani yake Mhindi alipohama, akaiweka, akaketi.

Nilisikia tabla. Nikasikia fidla ikilia. Kisha ala nyingine ya nyuzi ikaingia kwa kasi kama mvua ya mawe juu ya mabati.

"Mjomba, huyu anayepiga sitari ni nani?"

"Sitari gani? Hilo ni gitaa, mpwa wangu. Na anayelipiga ni Mwingereza."

Akaitoa santuri, akatia kaseti. Safari hii lilikuwa gitaa la umeme, kali, linanguruma, na nyuma yake ngoma zinapigwa kama nyumba inabomolewa. "Na huyu je?" Nikasema huyu ni mwingine. "Ni yule yule," mjomba akajibu. Akatia kaseti ya tatu: magitaa matupu bila umeme wala ngoma, yanafukuzana kwa mtindo wa Kihispania, na watazamaji wanapiga mayowe. "Na huyu?" Sikujibu. Nilishajua ataniambia nini.

Mtu huyo ni John McLaughlin. Katika makala haya nitaeleza alikotoka, alikopitia na jinsi anavyopiga gitaa. Mwishoni nitairudia ile methali, kwa heshima zote kwa mwalimu wangu.

JAZI NI NINI?

Kabla sijaendelea, tuelewane kwanza kuhusu neno jazi. Hapa kwetu tukisikia Jazz tunakumbuka majina ya bendi: Shirati Jazz ya D.O. Misiani, au OK Jazz ya Franco kule Kongo. Bendi hizo zilichukua jina tu, lakini muziki wake ulikuwa benga na rumba. Jazi yenyewe ilizaliwa na Wamarekani weusi, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Nguzo yake kuu ni kubuni papo hapo. Wanamuziki hukubaliana kuhusu wimbo na mapigo yake, kisha kila mmoja hupewa nafasi ya kutunga pale pale, mbele ya watu, bila karatasi.

Sisi wa Chama cha Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa. Malenga wawili wanapojibizana papo kwa papo hawashiki karatasi, na bado mizani haipungui wala vina havivunjiki. Anayeweza kutunga hivyo ni yule aliyezimeza kanuni hata hahitaji tena kuzifikiria.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya wanajazi walianza kutumia vyombo vya umeme na kuingiza nguvu ya muziki wa roki. Wengine wakaongeza ladha za India, Brazili, Hispania na Afrika. Muziki huo nitauita jazi ya mseto. McLaughlin ni mmoja wa waliouzaa.

ALIKOTOKA

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1942 huko Doncaster, katika eneo la Yorkshire, Uingereza. Mama yake alipiga fidla. John mwenyewe alianza na piano, kisha alipofika umri wa miaka 11 hivi akapata gitaa kutoka kwa kaka yake. Basi ikawa ndiyo mwanzo wa ndoa yao. Kwanza alipenda bluzi za Wamarekani weusi kama Muddy Waters. Kisha akasikia flamenko, muziki wa gitaa wa Hispania. Kisha akamsikia Django Reinhardt, yule mpiga jazi wa Ulaya ambaye mkono wake wa kushoto uliungua moto, vidole viwili vikalemaa, na bado akawashinda wenye vidole vyote. Zingatia jambo hili: hata kabla hajawa mtu mzima, masikio yake yalikwisha kwenda Marekani, Hispania na Ufaransa.

Miaka ya 1960 alihamia London. Alipiga katika bendi za Georgie Fame na Graham Bond, na pia alifanya vibarua vya studio. Kibarua cha studio ni hivi: unaitwa, unapewa karatasi ya muziki, unapiga wimbo wa mtu mwingine, unalipwa, unaenda zako. Kazi hiyo ilimpa chakula lakini haikumshibisha. Januari 1969 alirekodi albamu yake ya kwanza, Extrapolation. Mwezi uliofuata akapanda ndege kwenda New York.

KWA MILES DAVIS

Aliyemwita New York ni mpiga ngoma Tony Williams, kijana aliyekuwa ameingia katika bendi ya Miles Davis mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 17 tu. (Wewe na mimi tukiwa na miaka 17 bado tunatafuta soksi za gwaride.) Williams alikuwa anaunda kundi lake, Lifetime. Lakini McLaughlin hajamaliza hata wiki chache mjini, Miles Davis mwenyewe, mpiga tarumbeta maarufu kuliko wote katika jazi ya wakati ule, akamtaka studioni. Tarehe 18 Februari 1969 walirekodi albamu iitwayo In a Silent Way.

McLaughlin amesimulia mara nyingi yaliyotokea siku hiyo. Alikuwa na wasiwasi, anataka kuonyesha yote anayoyajua. Miles akamwambia alipige gitaa kana kwamba hajui kulipiga. Hebu fikiri! Umesafiri kutoka Uingereza, umefanya mazoezi tangu utotoni, halafu mkubwa wako anakuambia usahau. McLaughlin aliyaacha madoido yote, akaanza na noti chache za taratibu, na hizo ndizo zinazofungua upande wa pili wa albamu ile.

Mwezi Agosti mwaka huo huo walirekodi pia Bitches Brew, iliyotoka mwaka 1970. Ndani yake mna wimbo ambao Miles aliupa jina "John McLaughlin". Sijui heshima gani ingeweza kumzidi mtu wa miaka 27.

MOTO WA MAHAVISHNU

Mwaka 1971 aliunda kundi lake mwenyewe, Mahavishnu Orchestra. Jina Mahavishnu alipewa na Sri Chinmoy, mwalimu wa kiroho kutoka India aliyekuwa akiishi New York. Walikuwa watu watano, na kwa asili walitoka pande tano za dunia: McLaughlin wa Uingereza, mpiga ngoma Billy Cobham aliyezaliwa Panama, mpiga kinanda Jan Hammer wa Chekoslovakia, mpiga besi Rick Laird wa Ireland na mpiga fidla Jerry Goodman wa Marekani. Albamu zao mbili za kwanza za studio ni The Inner Mounting Flame ya mwaka 1971 na Birds of Fire ya mwaka 1973.

Picha za wakati huo zinamwonyesha amevaa nguo nyeupe, ameshika gitaa lenye shingo mbili, moja ya nyuzi 12 na nyingine ya nyuzi 6. Sauti ilikuwa kubwa ajabu. Vijana wa roki walijaza kumbi, na hao hawakuwa watu wa kusikiliza jazi. Lakini wanamuziki wenyewe walianza kukwaruzana, na mwisho wa mwaka 1973 kundi lile la kwanza likavunjika. Mwaka 1974 aliunda kundi lingine kwa jina hilo hilo, na hilo likarekodi pamoja na okestra kubwa ya London Symphony.

Sasa wewe jiulize. Mtu amepata jina, ana kundi, ana mashabiki, ana gitaa la umeme ambalo kila kijana anatamani kuliiga. Mimi ningekaa pale pale mpaka nizeeke. Yeye alifanya nini?

AKAKETI SAKAFUNI

Alizima umeme, akavua viatu, akaketi sakafuni na Wahindi.

Kundi hilo liliitwa Shakti. Tarehe 5 Julai 1975 walirekodiwa wakipiga mbele ya watu katika chuo kimoja huko Long Island, New York, na albamu ikatoka mwaka uliofuata. Ndiyo santuri ile ya mjomba. Fidla ilipigwa na L. Shankar. Tabla ilipigwa na Zakir Hussain wa Mumbai, mtoto wa Alla Rakha, yule mpiga tabla aliyefuatana na Ravi Shankar. Na Vikku Vinayakram alipiga ghatamu. Mnajua ghatamu ni nini? Ni mtungi wa udongo! Mtungi kama ule wa maji nyumbani kwa nyanya, ila huu hupigwa kwa viganja na vidole, na mdomo wake hubanwa tumboni ili sauti ibadilike.

Wengi hudhani muziki wa India ni mmoja. Sivyo. Kuna wa kaskazini, uitwao Hindustani, na wa kusini, uitwao Karnataka, na kila mmoja una ala zake, kanuni zake na walimu wake. Tabla ni ya kaskazini. Ghatamu ni ya kusini. Kwa hiyo Shakti haikuunganisha Uingereza na India peke yake. Iliwaketisha Wahindi wa kaskazini na wa kusini katika mkeka mmoja, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida.

Jambo lililonigusa zaidi ni yale yaliyotangulia. McLaughlin hakuamka siku moja akasema ati leo nitapiga Kihindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Chuo Kikuu cha Wesleyan, katika jimbo la Connecticut, akawa mwanafunzi wa Dkt. S. Ramanathan, akijifunza ala ya kale ya India kusini iitwayo vina. (Wanachama, msichanganye na vina vya shairi.) Mtu ambaye kumbi zilikuwa zikijaa kwa ajili yake, anaketi tena kama mtoto wa darasa la kwanza, anaonyeshwa pa kuweka kidole. Pia alipata masomo kutoka kwa Ravi Shankar.

Baadaye aliiacha vina. Aliona kwamba yeye ni mpiga gitaa, na kwamba yale aliyojifunza lazima ayarudishe kwenye gitaa. Msomaji, tafadhali liweke jambo hili moyoni, tutalihitaji mwishoni.

MAGITAA MATATU

Baada ya Shakti alihamia kwa Wahispania, wale aliowasikia utotoni. Tarehe 5 Desemba 1980, katika ukumbi wa Warfield mjini San Francisco, walipanda jukwaani watu watatu na magitaa matatu yasiyo ya umeme: McLaughlin, Mmarekani Al Di Meola, na Paco de Lucía, bingwa wa flamenko kutoka Hispania, aliyefariki mwaka 2014. Albamu iliyotokana na usiku ule, Friday Night in San Francisco, ilitoka mwaka 1981.

Ukiisikiliza utadhani ni malumbano ya malenga. Mmoja anatupa swali, mwenzake anajibu kwa swali gumu zaidi, wa tatu anachekesha, watu wanapiga kelele. Paco alipiga kwa vidole vitupu, jinsi flamenko inavyotaka. Wenzake walitumia piki, yaani kile kipande kidogo cha plastiki cha kuchezea nyuzi. Kila mmoja alikuja na lafudhi ya kwao, na bado walielewana.

Orodha haijaisha. Katika miaka ya 1980 aliandika utungo mrefu wa gitaa na okestra uitwao Mediterranean Concerto. Mwaka 1997 aliifufua Shakti kwa jina la Remember Shakti, na mara hii ngoma na mtungi vikaja kupigwa na V. Selvaganesh, mwana wa yule yule Vinayakram. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Baadaye aliunda kundi la 4th Dimension, ambamo besi ilipigwa na Étienne M'Bappé wa Kameruni. (Hapana, si yule wa kandanda.) Mwaka 2018 alipata tuzo ya Grammy kwa kubuni papo hapo katika jazi. Mwaka 2023 Shakti ilitoa albamu iitwayo This Moment, na Februari 2024 albamu hiyo ikapata Grammy. Mzee alikuwa na miaka 82. Desemba mwaka huo huo Zakir Hussain akaaga dunia.

MTINDO WAKE

Sasa tuingie jikoni. Anapigaje? Nimesikiliza kwa mjomba, nimerudia, nimejaribu na kushindwa, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, mkono wa kulia. Wapiga gitaa wengi wakitaka kasi hupiga uzi mara moja, kisha noti mbili tatu zinazofuata huzitoa kwa vidole vya mkono wa kushoto tu. McLaughlin hupenda kuipiga kila noti kwa piki, chini, juu, chini, juu. Ndiyo maana hata anapokwenda mbio kama matatu iliyochelewa, kila noti inasikika imesimama peke yake, haijamezwa na jirani yake.

Pili, kuhesabu. Nyimbo nyingi tunazozijua huhesabiwa kwa 4, au kwa 3 na 6. Yeye hutumia hesabu za ajabu. Wimbo "Birds of Fire" una mapigo 18. Je, mtu anawezaje kubuni huku anahesabu mpaka 18? Hahesabu kwa namba. Wahindi wa kusini wana sanaa iitwayo konakoli, ambapo mapigo husemwa kwa silabi. Tatu ni ta-ki-ta. Nne ni ta-ka-di-mi. Ukitaka 7 unaunganisha: ta-ki-ta ta-ka-di-mi. Hebu jaribu sasa hivi, piga kofi kila unaposema "ta", urudie mara kumi bila kukosea. Sisi tulijaribu bwenini usiku mmoja mpaka kiranja akatuzimia taa.

Kumbe si jambo geni kwetu! Mtunzi wa shairi akitunga mshororo wa mizani 16 haketi kuhesabu moja, mbili, tatu. Analisikia pumziko katika ya 8, sikio linamwambia kama silabi imezidi. Konakoli ni mizani inayotamkwa. McLaughlin aliipenda hata mwaka 2007 akatoa somo zima la video kuifundisha, pamoja na Selvaganesh.

Tatu, kupinda sauti. Gitaa lina vyuma vilivyolazwa kwenye shingo, na kila chuma kinatoa noti yake; kati ya noti na noti ni kama hakuna kitu. Muziki wa India unaishi hasa katika nafasi hiyo ya kati, sauti ikiteleza na kutetemeka. Kwa ajili ya Shakti alitengenezewa gitaa la pekee. Mbao za shingo zilichimbwa kati ya chuma na chuma, ili aweze kuusukuma uzi na kuupinda mbali zaidi. Kisha zikaongezwa nyuzi nyingine 7, zilizopita kwa mshazari chini ya zile za kawaida, zenye kuvuma kama za sitari. Ndiyo maana nilidanganyika siku ile kwa mjomba. Masikio yangu hayakuwa mabovu.

Nne, na hili ni la mwisho, kusikiliza. Katika Shakti utamsikia akitupa kifungu, Zakir anakirudisha kwa tabla noti kwa noti, yeye anakifupisha, tabla nayo inafupisha, mpaka wote wanakutana katika pigo moja kama watu waliopanga kukutana kituoni. Kasi peke yake haikupi jambo hilo. Ni lazima uwe umemsikiliza mwenzako hadi mwisho.

Siwezi kusema hana kasoro. Wapo wanaodai kwamba noti zake ni nyingi mno, na mjomba mwenyewe hukubali kwamba kaseti ya Mahavishnu humchosha akisikiliza hadi mwisho. Lakini hata anayesema hivyo hawezi kusema kwamba jamaa amebahatisha.

JIBU LANGU

Sasa nairudia methali. Mwanzoni nilitaka kuandika kwamba wahenga walikosea, kwamba huyu hapa ameshika jazi, roki, flamenko, muziki wa India na okestra, na hakuna kilichomponyoka. Nilimwambia mjomba hivyo. Akatikisa kichwa.

"Mpwa wangu, hesabu vizuri. Huyo ameshika vitu vingapi?"

"Vitano, mjomba."

"Kimoja. Gitaa. Hivyo vingine vimekuja kwake."

Nilinyamaza kama siku ile mbele ya waamuzi. Ni kweli. Aliiacha vina. Hakuwa mpiga sitari, wala hakugeuka mchezaji wa flamenko. Alibaki na gitaa, kisha akaenda nalo kwa mwalimu mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika alikubali kuwa mwanafunzi tena. Mimi nilishika ala mbili na sikuwa mwanafunzi wa hata moja. Nilitaka vyeti viwili, basi.

Mjomba akaongeza jambo ambalo limenikaa kichwani. Aliniuliza kama najua benga ilitoka wapi. Wazee walichukua gitaa, chombo cha kigeni, wakatafuta ndani yake vidole vya nyatiti. Zile nyuzi unazosikia zinachezacheza juu katika benga ni nyatiti inayozungumza kupitia gitaa. "Huyo Mwingereza alikwenda mpaka India," mjomba alisema. "Wewe nyatiti iko nyumbani, unaikimbilia jukwaani kabla hujaisikiliza."

Kwa hiyo, mwalimu wangu mpendwa, methali ilikuwa na haki, na mimi nilikuwa na makosa. Lakini naomba kuongeza kidogo. Mshika mbili moja humponyoka, ndiyo. Ila aliyeishika moja sawasawa anaweza kufungua mlango wageni wengi wakaingia. Ukiwaona watu hodari wanabadilika badilika, usidhani ni tamaa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tangu muhula wa pili nimekuwa nikienda kila Jumapili, kwa ruhusa, kwa mzee mmoja jirani na shule ambaye anapiga nyatiti. Mimi sipigi. Naketi, nasikiliza, kisha nikirudi natafuta katika gitaa yale niliyoyasikia. Mpaka sasa nimepata vifungu viwili tu, na cha pili bado kinanikataa ninapoongeza kasi. Mwaka ujao nitajiandikisha katika kipengele kimoja.

Mkinisikia nyuma ya bwalo nikisema ta-ki-ta ta-ka-di-mi peke yangu, msidhani nimerukwa na akili. Ni mazoezi. Mungu akijalia, tukutane katika toleo lijalo.